Kamusi na maktaba ya picha: nani atazikutanisha?

Jioni moja ya kaskazi, maji yakiwa yametoka, nilikuwa nimesimama na mpwa wangu kando ya soko la samaki la Bandari ya Kale, mwendo mfupi tu kutoka nyumbani kwa mama yake mtaani Kibokoni. Mpwa wangu ni mwanafunzi wa shule ya upili na, kama walivyo vijana wengi wa rika lake, simu haimtoki mkononi. Siku hiyo, hata hivyo, hakuwa akijipiga picha mwenyewe. Mwalimu wake wa biolojia alikuwa amewaagiza wanafunzi wapige picha za viumbe wa pwani, wazipeleke katika maktaba ya picha iliyomo kwenye intaneti, na chini ya kila picha waandike jina la kiumbe huyo. Picha alikuwa nazo kumi na tatu. Majina alikuwa nayo mawili: kaa na kunguru.

Tulimwendea mvuvi mmoja mzee aliyekuwa akipanga samaki wake. Baada ya kuamkiana na kuulizana hali za nyumbani, mpwa wangu alimwonyesha picha ya samaki mnene wa madoadoa, mwenye kinywa kipana, ambaye mimi, kwa ujuvi wa kisomo, nilikuwa nimekwisha kumwambia kuwa ni chewa. Mzee aliitazama simu, kisha akanitazama mimi.

"Mwalimu," akasema, "chewa yuko kwenye vitabu vyenu. Hapa petu huyu ni tewa."

Nilinyamaza, kwani alikuwa amesema kweli. Akaendelea na picha nyingine. "Na huyu tafi, mjukuu wangu, ukimshika mshike kwa adabu, ana miba ya sumu." Katika muda usiozidi robo saa, zile picha kumi na tatu zikawa zimepata majina yake, isipokuwa moja tu, ambayo nitaieleza huko mbele.

Kisa hicho kidogo kimenikaa moyoni kwa sababu kinagusa kazi yangu ya isimu mahali ambapo sikuitarajia. Sisi walimu wa lugha tumezoea kudhani kwamba picha za wanyama na mimea ni shughuli ya watu wa sayansi au ya watalii wenye kamera za bei kubwa. Hatujaona kuwa jambo hilo linatuhusu sana, na pengine kuliko linavyomhusu mtu mwingine yeyote.

Msomaji ambaye hajawahi kuingia katika maktaba ya namna hii huenda akaifikiria kuwa ni albamu kubwa tu. Sivyo hasa. Chukua mfano wa ile iitwayo Wikimedia Commons, iliyofunguliwa mwezi wa Septemba mwaka 2004, na ambayo leo imehifadhi zaidi ya mafaili milioni 100, picha zikiwa ndizo nyingi zaidi. Mtu yeyote anaweza kuweka humo picha aliyoipiga mwenyewe, na mtu yeyote anaweza kuichukua na kuitumia bila ya kulipa, mradi afuate masharti aliyoyaweka mwenye picha. Au chukua iNaturalist, iliyoanza mwaka 2008 ikiwa ni mradi wa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha California huko Berkeley. Hapo picha haiwekwi kwa ajili ya uzuri wake. Huwekwa pamoja na tarehe na mahali ilipopigwa, kisha watu wengine, wataalamu kwa wasio wataalamu, hutoa maoni yao kuhusu kiumbe anayeonekana. Thuluthi mbili ya waliotoa maoni wakikubaliana juu ya spishi moja, na masharti mengine yakitimia, kumbukumbu hiyo hupandishwa daraja na kuhesabiwa kuwa inafaa kwa utafiti. Kutoka hapo huweza kupelekwa katika hazina ya kimataifa ya takwimu za viumbe ambayo makao yake yako Copenhagen. Kwa hiyo picha ya mtoto wa Kibokoni, iliyopigwa kwa simu yenye kioo kilichopasuka, inaweza kufika katika meza ya mtafiti wa Nairobi au wa Oslo.

Lakini mtafiti huyo ataifikiaje? Ataifikia kwa neno. Maktaba ya picha, kinyume na inavyodhaniwa, huendeshwa na maneno. Anayetafuta huandika neno, na mashine humletea picha zilizofungamanishwa na neno hilo. Ni kweli kwamba siku hizi mashine zimefunzwa kutambua sura, hata ukiipa picha ya samaki itakupendekezea jina. Jina hilo hata hivyo litakuwa la Kilatini, likifuatana na la Kiingereza. Neno "tewa" mashine haitalitoa kamwe ikiwa hakuna binadamu aliyeliandika humo kabla. Na nafasi ya kuliandika ipo. Katika iNaturalist mtu aliyejisajili anaweza kuongeza jina la kiumbe kwa lugha aitakayo, na Kiswahili kimo katika orodha. Katika Wikimedia Commons, tangu mwaka 2019, picha moja inaweza kuwa na maelezo mafupi kwa lugha nyingi sambamba. Hakuna aliyetufungia mlango.

Sasa tugeukie upande wa pili, upande wa kamusi, ambako mimi ni mwenyeji. Mwalimu yeyote wa Kiswahili anajua aibu inayompata anapoulizwa na mwanafunzi maana ya neno fulani, akafungua kamusi kwa madaha, na kukuta maelezo haya: aina ya samaki. Mwanafunzi huuliza, aina gani? Kamusi imekwisha kunyamaza. Hali ni hiyo hiyo kwa aina ya mti, aina ya ndege na aina ya mdudu. Si kosa la watunzi. Ludwig Krapf, aliyefika Mombasa mwaka 1844 na ambaye kamusi yake ilichapishwa mwaka 1882 baada ya yeye kufariki, alikuwa akikusanya maneno ya Kimvita kwa kalamu na masikio. Waliotunga Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya mwaka 1981 walikuwa na maelfu ya maneno ya kushughulikia na kurasa zenye kikomo. Padre Charles Sacleux, ambaye kamusi yake kubwa ya Kiswahili na Kifaransa ilitoka Paris kati ya mwaka 1939 na 1941, alijitahidi zaidi ya wengi kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa mkusanyaji wa mimea, naye aliyaambatisha majina mengi ya miti na majina yake ya kisayansi. Lakini ni wanafunzi wangapi wa pwani yetu watakaomfuata Sacleux katika Kifaransa chake?

Hivi ndivyo mambo yalivyo: kamusi zetu zimejaa majina yasiyo na picha, na maktaba za intaneti zimejaa picha zisizo na majina yetu. Viwili hivi vimekaa kama majirani wasiosalimiana. Anayeweza kuvikutanisha si profesa wa Ulaya, wala si mashine. Ni yule mwanafunzi mwenye simu, akisimama karibu na mzee anayejua, na akiwa na mwalimu wa kumwongoza.

Huenda msomaji akaniambia kwamba mambo ni mepesi: tukiandika neno moja la Kiswahili chini ya picha, kazi imekwisha. Hapa ndipo isimu inapodai nafasi yake. Jaribu kutafuta kwa neno "kanga". Utamtaka ndege mwenye madoa meupe, nawe utaletewa leso zenye maandishi. Tafuta "taa", ukimkusudia yule samaki bapa mwenye mkia mrefu, utaletewa vibatari na balbu. "Tembo" ni mnyama na ni kinywaji cha mnazi. "Kiboko" ni mnyama wa mtoni, na pia ni ule mjeledi uliokuwa ukikatwa katika ngozi yake. Nani kati ya wazee wetu aliyesoma shule za zamani asiyekumbuka maana hiyo ya pili kuliko ya kwanza!

Lakini Kiswahili chenyewe kimetupa dawa. Lugha yetu hutenganisha maana hizi kwa upatanisho wa kisarufi. Ukisema "kanga wawili", kila Mswahili anajua kuwa unasema ndege. Ukisema "kanga mbili", anajua kuwa kuna mtu wa kupelekewa zawadi. "Taa amejifukia mchangani" si sawa na "taa imezimika". Kwa hiyo mwanafunzi asiandike neno moja pweke chini ya picha. Aandike sentensi kamili: kiumbe yuko wapi, anafanya nini, wakati gani wa siku na wa maji. Sentensi moja yenye upatanisho sahihi humaliza utata ambao neno moja limeuzua. Nami sijaona zoezi la ngeli lililo bora kuliko hilo. Tumewachosha wanafunzi kwa majedwali ya ngeli ubaoni, hali ngeli zinaogelea pale Bandari ya Kale.

Nirudi kwa yule tewa. Kwa wasiojua, Kimvita hutumia sauti ya "t" katika maneno kadha ambayo Kiunguja hutumia "ch": mato kwa macho, mtele kwa mchele, tewa kwa chewa. Vivyo hivyo barabara maarufu ya Mji wa Kale inaitwa Ndia Kuu, wala si Njia Kuu. Mkutano uliokubali Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu ulifanyika mwaka 1928, na ulifanyika papa hapa Mombasa. Sina ugomvi na usanifishaji, kwani ndio unaoniwezesha kuandika makala haya yakasomwa Lamu na Mbeya. Lakini kusanifisha lugha ya shule hakukuwalazimisha samaki wabadili majina katika vinywa vya wavuvi. Yule mwenye miba, ambaye Mombasa ni tafi, huko Unguja ni tasi. Sayansi inamjua kwa jina la Siganus sutor, na neno hilo la pili kwa Kilatini lina maana ya mshona viatu. Picha moja inaweza kuyabeba majina haya yote matatu bila ya kugombana. Ukurasa wa kamusi hauna upana huo. Kwa hivyo mwalimu asifute "tewa" kwa kalamu nyekundu. Amwambie mwanafunzi aandike: tewa kwa Kimvita, chewa kwa Kiswahili sanifu.

Je, jina la kienyeji na picha vina uzito wowote mbele ya sayansi? Anayetilia shaka na asikilize habari za kipunji. Mwaka 2003 watafiti waliokuwa katika nyanda za juu za kusini mwa Tanzania, kwenye mlima Rungwe, walisimuliwa na Wanyakyusa habari za kima mwenye haya waliyemwita kipunji. Hakuwa katika kitabu chochote. Watafiti walimtafuta msituni mpaka wakamwona, na kundi jingine la watafiti, likifanya kazi zake mbali na la kwanza, likamwona katika msitu wa Ndundulu, milima ya Udzungwa. Mwezi wa Mei mwaka 2005 alitangazwa katika jarida la Science kuwa ni spishi mpya, na jina alilopewa katika Kilatini lilibeba lile lile la wenyeji: kipunji. La ajabu zaidi ni kwamba ushahidi uliowekwa mbele ya ulimwengu haukuwa mzoga katika makumbusho. Ulikuwa ni picha. Wako wataalamu waliolalamika, wakisema picha haitoshi kuwa msingi wa spishi. Baadaye kipunji mmoja alipatikana amekufa katika mtego wa mkulima, akachunguzwa, na mwaka 2006 ikaonekana kwamba si spishi mpya tu bali ni jenasi mpya kabisa, Rungwecebus. Lau wale wanakijiji wasingekuwa na jina, watafiti wangeanzia wapi kuuliza?

Nisije nikaonekana kama ninawasema wengine. Mimi mwenyewe nimekwisha kuaibika katika jambo hili. Miaka michache iliyopita nilipiga picha ya mti kando ya hori ya Tudor, ikanipendeza, nikaipeleka katika maktaba mojawapo, nikaandika chini yake kwa fahari: mkoko. Fundi mmoja anayetengeneza dari za nyumba za Mji wa Kale, niliyemwonyesha picha hiyo barazani Kibokoni, alicheka. "Huo ni mchu," akaniambia. "Tazama mizizi."

Nikatazama mizizi. Mkoko husimama juu ya mizizi iliyopinda na kushuka kutoka shinani kama miguu ya kaa. Mchu huchomoza vijiti vyembamba kutoka matopeni, vimesimama kama penseli zilizopandwa. Mlilana, upendao kukaa mbele kabisa ukielekea bahari, nao huchomoza vijiti, lakini vyake ni vinene na vimechongoka. Muia una mizizi iliyojikunja kama magoti. Mkomafi hujulikana kwa tunda lake la mviringo, kubwa na zito, ambalo mbegu zake zimepangana ndani kwa namna ambayo ukizitoa huwezi kuzirudisha. Kisha kuna mkandaa, ambao gome lake lilitumika kutia ngozi rangi. Katika pwani ya Kenya kuna spishi tisa za miti hii, na wakata miti wa zamani walikuwa na majina yake. Sisi wasomi tumeifunga yote katika neno moja, mikoko, ambalo asili yake ni wingi wa jina la mti mmoja tu kati yake.

Yule fundi hakuyajua hayo kwa kusoma. Aliyajua kwa sababu nyumba za Kibokoni zimejengwa kwa miti hiyo. Atakayeingia katika nyumba kongwe za mtaa huu ataona kwamba vyumba vyake ni virefu lakini ni vyembamba. Upana wa chumba ulipimwa kwa urefu wa boriti, na boriti ni mti wa mikokoni, ambao hauwezi kuvuka nafasi kubwa bila ya kupinda. Miti hiyo hiyo ilisafirishwa kwa majahazi hadi Uarabuni na Ghuba, vipimo vyake vikiwa na majina yake: fito, pau, mazio, boriti, nguzo. Mwaka 1982 serikali ya Kenya ilipiga marufuku kuisafirisha nje. Uamuzi huo niliuona na bado nauona kuwa wa busara kwa misitu. Lakini biashara ilipokatika na saruji ilipoingia, msamiati nao ulianza kukosa watu wa kuutumia. Mafundi waliobaki ni wachache, na wanafunzi wanaopita chini ya boriti hizo kila asubuhi hawaulizi zimetoka mti gani. Nilirudi katika ile maktaba nikasahihisha jina langu. Hiyo ni faida moja ambayo kitabu kilichopigwa chapa hakina: kosa la mtu halidumu milele.

Marehemu Ustadh Ahmad Sheikh Nabhany, mzaliwa wa Lamu aliyeishi na kufanya kazi nyingi hapa Mombasa, aliiona hatari hii mapema kuliko sisi. Katika Sambo ya Kiwandeo, iliyochapishwa mwaka 1979, alihifadhi kwa ushairi msamiati wa chombo cha baharini, na katika Umbuji wa Mnazi ya mwaka 1985 akafanya hivyo kwa mnazi na vitokanavyo nao. Wengi humkumbuka kwa maneno aliyoyabuni, kama vile runinga. Mimi naona kazi yake kubwa zaidi ilikuwa ni kuyakusanya maneno ambayo tayari yalikuwako na yaliyokuwa yakielekea kufa. Alitumia chombo alichokuwa nacho, ambacho ni utenzi. Alifariki mwaka 2017. Kijana wa leo chombo alichonacho ni kamera, na si dhambi kuitumia kwa kazi ile ile.

Wako watakaosema kwamba Kibokoni hapana wanyama wa kupigwa picha, kwamba wanyamapori wako Tsavo na Maasai Mara. Hayo ni mawazo ya watalii, na tumeyarithi bila ya kuyachunguza. Chukua kunguru tu. Yule mwenye shingo ya kijivu, anayetunyang'anya mkate vibarazani, si mwenyeji. Aliletwa Unguja kutoka Bara Hindi katika miaka ya 1890 ili asaidie kula taka, akaenea mwambao mzima, na hapa Mombasa aliandikwa kuonekana mwaka 1947. Huharibu viota vya ndege wengine na kula makinda yao, hata mwaka 2024 Shirika la Huduma kwa Wanyamapori nchini likatangaza mpango wa kuwaangamiza kunguru hao milioni moja. Kunguru wetu wa asili, mwenye kifua cheupe, ni mwingine. Lakini sisi tunawaita wote wawili kunguru, mgeni na mwenyeji. Picha yenye tarehe, mahali, na sentensi inayosema kama shingo ni ya kijivu au kifua ni cheupe, ni ushahidi wa nani amemfukuza nani. Laiti tungekuwa na picha nyingi za namna hiyo za matumbawe yetu kabla ya joto la mwaka 1998 lililoyapausha na kuyaua kwa wingi! Wazee wa bahari husimulia rangi zilizokuwako, na vijana huwasikiliza kama wasikilizao hekaya.

Yako mambo mawili ya kuchunga, nami sitaki kuyapita. La kwanza ni mahali. Tarehe na mahali ndivyo vinavyoipa picha thamani, lakini kuna viumbe ambao kutangaza mahali pao ni kuwauza. Picha ya kiota cha kasa ufuoni, au ya kakakuona, ikiwa na alama kamili ya mahali, ni ramani mkononi mwa mwizi. Kwa spishi zilizo hatarini iNaturalist huficha mahali halisi, ikaonyesha tu eneo la mraba lenye zaidi ya kilomita 20 kila upande. Si kila maktaba hufanya hivyo, na simu nyingi huandika mahali ndani ya picha bila ya mwenyewe kujua. Mwalimu na aifundishe hadhari hiyo kabla ya kufundisha jambo jingine lolote.

La pili ni haki. Kwa mujibu wa Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001, aliyepiga picha ana haki juu yake, na haki hiyo hudumu kwa miaka 50. Anayeiweka picha katika maktaba huria haipotezi haki hiyo. Hutoa ruhusa tu, kwa masharti. Lakini masharti hayafanani. Wikimedia Commons haipokei picha iliyokatazwa matumizi ya biashara. Maana yake ni kwamba picha ya mpwa wangu inaweza kuchapishwa katika kalenda ikauzwa, naye asipate senti, ila jina lake litajwe. Katika iNaturalist, mtu asipochagua vingine, matumizi ya biashara hukatazwa. Mwanafunzi na aelezwe haya, achague mwenyewe, naye akiwa mdogo mzazi ahusishwe. Na kuna haki nyingine isiyoandikwa katika sheria hiyo, nayo ni ya mzee aliyetoa jina. Jina "tafi" si mali ya mtu mmoja, ni kweli, lakini ujuzi wa kumtambua tafi mbele ya picha umepatikana kwa miaka ya jua na chumvi. Si vigumu kuandika: jina limetolewa na wavuvi wa Bandari ya Kale. Kama mzee atapenda jina lake lenyewe litajwe, aulizwe kwanza.

Nimeahidi kuieleza picha ya kumi na tatu. Ilikuwa ni ya konokono mdogo wa baharini asiye na kombe, mwenye rangi za buluu na manjano kali, aliyekutwa juu ya jiwe maji yalipotoka. Mzee aliitazama picha hiyo kwa muda mrefu kuliko nyingine zote, akaivuta simu karibu, akaisogeza mbali.

"Hili ni dude tu," akasema mwishowe. "Twaliona siku zote, lakini haliliwi, wala halidhuru. Nani atalipa jina?"

Wanaisimu wameandika vitabu vizima kujaribu kusema alichokisema mzee huyo kwa maneno machache. Lugha haikitaji kila kilichopo. Hukitaja kile ambacho watu wanahitaji kukisema. Mtu alaye tafi na anayechomwa na miba yake atamtafutia jina. Asiyepata faida wala hasara kutoka kwa konokono atamwacha na udude wake. Mpwa wangu alitaka kubuni jina papo hapo, na alikuwa nalo zuri. Nilimkataza, na tukabishana njia nzima hadi Kibokoni. Aliniuliza mbona Ustadh Nabhany alibuni. Nikamjibu kwamba kubuni kuna wakati wake na watu wake, lakini jina la kubuni likiandikwa katika maktaba kana kwamba ni la wavuvi, atakayekuja kulisoma baada ya miaka hamsini atadanganyika, wala hatakuwa na mvuvi wa kumuuliza.

"Basi mjomba, niandike nini?"

Usiku ule, tukiwa barazani, aliandika hivi: "Konokono huyu wa baharini alionekana juu ya jiwe karibu na Bandari ya Kale, Mombasa, maji yakiwa yametoka. Wavuvi wanamjua lakini hawana jina lake." Siku ya tatu mtu kutoka nchi ya mbali, ambaye hatumjui, alileta jina la Kilatini. Nafasi ya Kiswahili ingali wazi.